Ugogo kwenye ramani za kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akifunguliwa ramani ya kale ya Afrika, kitu cha kwanza kutafuta ni kwao. Sisi wa kanda ya kati ya Tanzania, iliko Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, tunatafuta Dodoma, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, na wengi tunakuta patupu, au ufalme usiojulikana, au ziwa mahali pasipo na ziwa. Maswali yafuatayo ni ya walimu, wanafunzi, wageni, na wazee wachache wenye mashamba. Nimeyaweka jinsi yanavyokuja, bila kufuata karne.

Ramani yangu ni ya mwaka 1890 na Dodoma haimo. Ni feki?

Hapana, hiyo ni dalili nzuri. Mji wa Dodoma ulianza na reli ya Wajerumani. Ujenzi uliondoka Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya hapo majina mazito ya upande huu yalikuwa Mpwapwa, Mvumi na Kilimatinde, kwa sababu ndiko misafara ilikopita, na Mpwapwa na Kilimatinde ndiko Wajerumani walikojenga maboma. Ya kutilia shaka ni ramani inayodai ni ya 1890 halafu ina Dodoma na reli juu.

Basi kabla ya Wajerumani walichora nini huku katikati?

Inategemea unarudi nyuma kiasi gani.

Mwanzo kabisa yuko Ptolemy, aliyeandika Alexandria kama mwaka 150. Katika pwani yetu alijua bandari iitwayo Rhapta, na ndani ya bara aliweka Milima ya Mwezi, ambayo maji yake yanaingia maziwa mawili na kutoka hapo unazaliwa mto Nile. Maelezo hayo yalinakiliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ramani za Ulaya za karne ya 16 zina meli za Kireno baharini na pwani iliyopimwa vizuri, Kilwa ikiitwa Quiloa na Malindi ikiitwa Melinde. Vuka pwani uingie bara, uko tena mikononi mwa Ptolemy na milima yake.

Katika atlasi ya Abraham Ortelius, iliyotoka mara ya kwanza Antwerp mwaka 1570, Afrika ya ndani imejaa mito na miji. Miaka mitatu baadaye akaongeza ramani ya milki ya Prester John, mfalme Mkristo wa hadithi ambaye Wazungu walimhusisha na Uhabeshi, yaani Ethiopia. Milki hiyo imevutwa kuelekea kusini hadi kuvuka ikweta. Yaani kwenye karatasi ya Ortelius majirani zetu wa karibu ni Wahabeshi.

Karne ya 17 na ya 18 linakuja jina Monoemugi, au Mono-Emugi, likiandikwa kwa herufi kubwa katikati ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Wataalamu wengi wanaliona kuwa ni Unyamwezi, habari zake zikiwa zimepitia kwa watu wa pwani, kisha kwa Wareno, kisha kwa wachoraji wa Amsterdam na Paris, na kila mkono umepindua herufi kidogo. Mimi napenda sana jina hili kwenye ramani hizo. Kati ya yote yaliyoandikwa bara, ni moja ya machache ambayo unaweza kuyafuata hadi kwa watu halisi.

Ni kweli walichora tembo na majitu ili kujaza nafasi?

Ndiyo. Ramani ya Afrika ya Sebastian Münster, ya karibu mwaka 1540, ina jitu lenye jicho moja limekaa upande wa Afrika Magharibi, na kusini kuna tembo mkubwa. Ramani za Willem Blaeu, kuanzia 1617, zina simba, tembo na ngamia wakitembea bara, na pembeni kuna picha za watu wakiwa na mavazi yao na picha za miji.

Usicheke tu. Ramani ilikuwa bidhaa ya gharama. Mnunuzi wa Amsterdam hakuwa anakuja Ugogo. Alitaka kitu cha kutundika ukutani, na karatasi yenye uwazi katikati ingeonekana haijamalizwa. Mchoraji alijua kwamba mteja hatarudi kulalamika kuwa tembo amewekwa mahali pabaya.

Kwa nini baadaye wanyama wakatoweka na bara likabaki jeupe?

Mabadiliko hayo hutajwa zaidi pamoja na Jean-Baptiste Bourguignon d'Anville, Mfaransa, na ramani yake ya Afrika ya 1749. Alifuta alichokuwa hana ushahidi nacho. Milima, miji na falme za kunakili zikaondoka, na sehemu kubwa ya bara ikabaki tupu. Kama kazi ya kitaalamu ilikuwa uaminifu mkubwa, na ninamheshimu kwa hilo.

Tatizo ni jinsi weupe ule ulivyosomwa baada yake. D'Anville alimaanisha kwamba yeye hajui. Waliokuja karne iliyofuata waliusoma kama nchi isiyo na mtu wala mwenyewe. Na kati yetu pia wapo wanaoangalia ramani ya 1800 wakasema, kumbe enzi hizo huku hakukuwa na watu! Walikuwepo, wakilima uwele na mtama, wakichunga ng'ombe, wakichimba maji kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Hakuna aliyemtumia mchoraji wa Paris habari zao.

Na mazoea ya kuona nchi tupu hayakwisha na wakoloni wa kwanza. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield kutafuta ardhi ya kulima karanga kwa mashine. Wakazunguka kwa wiki chache, sehemu ya safari wakiwa angani, wakarudi na ripoti ya matumaini. Kongwa ikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Udongo wake ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikuja kwa ratiba ya ofisi ya London, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kutumia karibu pauni milioni 36. Mkulima yeyote wa Kongwa angewaeleza habari za mvua ya huku kabla trekta la kwanza halijashushwa.

Wachoraji walipata wapi habari za bara kabla ya Mzungu kufika?

Kwa wasafiri wa misafara. Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa sababu vitabu vya shule hupita haraka.

Mwaka 1856 ilichapishwa ramani ya mmisionari Jakob Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann. Hawa hawakuwa wamefika kwenye maziwa. Erhardt alikaa pwani, Tanga ikiwemo, akiwauliza wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na wapagazi: ukitoka hapa unapita wapi, siku ngapi, mwisho wake nini? Waliotokea bandari za kaskazini walimwambia safari inaishia kwenye maji makubwa. Waliotokea mkabala wa Zanzibar, vilevile maji makubwa. Wa Kilwa nao, maji. Akahitimisha kwamba maji ni yale yale, akachora bahari moja ya ajabu yenye umbo la konokono asiye na gamba, ikichukua nafasi ya Victoria, Tanganyika na Nyasa kwa pamoja. Wasomi wa London walibishana juu yake sana, na ubishi huo ulichangia kutumwa kwa Richard Burton na John Speke mwaka 1856.

Sasa angalia kosa liko wapi. Wapagazi hawakudanganya. Kila mmoja alisema kweli juu ya njia yake: njia ile ina mwisho, na mwisho ni maji. Kuunganisha maziwa matatu yawe moja kulifanyika mezani kwa mwenye kalamu. Hata hivyo ramani zetu za shule zinamtaja Burton, zinamtaja Speke, na wale waliosema maji yapo wanabaki kuwa "wenyeji".

Burton na Speke wenyewe walitegemea watu. Walipofika Kazeh, yaani Tabora, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir ndiye aliyewaeleza kwamba kuna maziwa tofauti na kila moja liko upande gani. Safari nzima walikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa utumwani India na kurudi, ambaye baadaye alisafiri pia na Speke na Grant, na Stanley, na Cameron. Kuna watu wachache katika karne ile waliolijua eneo hili la Afrika kwa miguu kuliko Bombay.

Kwa nini majina yamejipanga kwenye mstari mmoja, na pembeni hakuna kitu?

Kwa sababu unachoangalia ni njia, ingawa karatasi inaitwa ramani ya nchi. Msafiri wa karne ya 19 alikuwa na dira, saa na daftari. Alihesabu muda wa mwendo, akasoma dira kila njia ilipokata kona, usiku akapima nyota kujua latitudo. Kimo cha mahali alikipata kwa kuchemsha maji na kusoma nyuzi, maana juu maji huchemka kwa nyuzi za chini zaidi. Alichokiona kulia na kushoto kwa macho aliandika. Ng'ambo ya kilima hakukuwa na habari.

Chukua safari ya Stanley ya 1871 akimtafuta Livingstone. Ndani ya Ugogo anataja Mvumi, Matamburu, Bihawana, Kididimo, Nyambwa, Mizanza, Mukondoku. Mtu wa Dodoma anatambua mara moja: Mvumi ipo, Bihawana ipo, na Matamburu kwa matamshi na mahali ni Matumbulu. Njia kuu ilipita kusini ya mji wa leo. Reli ndiyo iliyohamisha uzito.

Pande mbili za Ugogo wanaandika nyika mbili: Marenga Mkali upande wa mashariki, baada ya Chunyo karibu na Mpwapwa, na Mgunda Mkali upande wa magharibi, kuelekea Unyamwezi. Majina haya ni ya wapagazi. Yanaeleza kazi: maji machungu, mwendo mrefu, jaza vibuyu na usilale njiani. Kwenye ramani za Ulaya yakageuka kuwa majangwa, mengine yameandikwa kwa herufi zilizotanuka kama Sahara. Mgunda Mkali haikuwa jangwa. Ni kichaka kizito, na Wakimbu walikuwa tayari wamefyeka na kulima humo wakati Burton anapita.

Ugogo ilikuwa nchi moja yenye mipaka kama inavyoonekana?

Hapana. Mchoraji wa Ulaya alizoea nchi yenye mfalme mmoja na mstari kuizunguka, akaweka Ugogo, Usagara, Uhehe na Unyamwezi kwa rangi tofauti. Wagogo walikuwa na watemi wengi, kila mmoja na eneo lake na mamlaka yake juu ya mvua na ardhi. Ushahidi uko katika malalamiko ya wasafiri wenyewe. Walitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na mtemi huyu, kesho yake wakatozwa na mwingine, kesho kutwa tena. Stanley analalamika kurasa kwa kurasa. Laiti ingekuwa dola moja angelipa mara moja akapita.

Kwa hiyo ukitaka kujua mamlaka yalikaaje, acha rangi za ramani, soma hesabu za hongo: vitambaa vingapi, wapi, kwa nani.

Majina mengine siwezi kuyasoma. Nifanyeje?

Yasome kwa sauti kwa kufuata lugha ya mchoraji. Mjerumani aliandika s mahali pa z, j mahali pa y, tsch mahali pa ch, na dj au dsch mahali pa j. Kwa hiyo Sansibar, Unjamwesi, Njassa, Usaramo, Udjidji, Kilimandscharo. Mpwapwa wao ni Mpapua. Mreno ana q na ç: Quiloa, Mombaça. Mfaransa na wengineo waliita pwani Zanguebar. Waingereza wa mwanzo walipenda kuweka alama ya kukata baada ya M, kama M'gunda. Jina likikushinda kabisa, mtafute mzee wa eneo husika na umtamkie pole pole.

Ni kweli Malkia Victoria alimzawadia Kaiser mlima Kilimanjaro na ndiyo maana mpaka umepinda?

Hadithi tamu, lakini hapana. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara, Nguru, Useguha na Ukami akikusanya alama za watu kwenye karatasi alizoziita mikataba, na Februari 1885 Kaiser akampa hati ya ulinzi. Mwaka huo huo Carl Jühlke akafanya hivyo hivyo upande wa Kilimanjaro. Waingereza nao walitaka Mombasa. Mwaka 1886 wakakubaliana mstari: uanze mdomo wa mto Umba, uende Ziwa Jipe, upite chini ya mlima kwa upande wa kaskazini, kisha moja kwa moja hadi Ziwa Victoria mahali latitudo ya digrii 1 kusini inapogusa pwani yake ya mashariki. Kupinda kule ni matokeo ya madai ya Jühlke. Sultani wa Zanzibar akaachiwa visiwa na ukanda wa maili kumi pwani, na mwaka 1890 ukanda wake wa upande wa Wajerumani ukanunuliwa kwa maki milioni 4.

Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo, Lord Salisbury, alikiri hadharani kwa mzaha kwamba walikuwa wakichora mistari mahali ambapo hakuna Mzungu aliyewahi kukanyaga, wakigawiana milima, mito na maziwa bila kujua hasa viko wapi. Ugogo hakuna aliyeulizwa. Ulijikuta ndani ya eneo la Wajerumani kwa sababu ulikuwa kusini ya mstari, na habari zikafika kwa vitendo mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipojenga ngome Mpwapwa.

Rangi zinamaanisha nini?

Katika atlasi za Kiingereza za mwisho wa karne ya 19, himaya yao ni nyekundu au waridi. Wengine hawakuwa na rangi moja ya kudumu, kwa hiyo soma ufunguo. Ramani za kabla ya hapo zilichapwa nyeusi na kupakwa rangi kwa mkono, mara nyingine na muuzaji wa juzi juzi anayetaka bei ipande.

Jambo la kuangalia ni tarehe. Ramani ya 1887 inaweza kuonyesha rangi ya Ujerumani kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika, wakati Wajerumani wenyewe walikuwa na vituo vichache tu. Rangi ilitangulia, askari wakafuata.

Ramani za Wajerumani zina ubora gani?

Ni nzuri, tena sana, kwa kazi zilizokusudiwa. Mfululizo mkuu uliitwa Karte von Deutsch-Ostafrika, kipimo cha 1:300,000, ukachapwa Berlin na Dietrich Reimer kuanzia miaka ya 1890. Aliyeuanza ni Richard Kiepert, wakaendelea Paul Sprigade na Max Moisel. Wao walikaa Berlin. Maofisa, wamisionari na wapimaji walipeleka madaftari yao ya njia, na wachoraji wakayafuma pamoja: njia hii inakutana na ile kwenye mto huu, basi kijiji kiko hapa.

Kwa sababu hiyo ubora haulingani hata ndani ya karatasi moja. Ukanda wa barabara ya misafara na baadaye ukanda wa reli ni mnene. Sogea mbali na njia, unakuta mto umechorwa kwa vidoti kwa sababu mtu aliuvuka sehemu mbili akakisia katikati. Mito yetu ilizidi kuwachanganya. Bubu au Kinyasungwe aliyeiona Machi aliandika mto. Aliyefika Septemba alikuta mchanga. Bahi ni hivyo hivyo, ziwa au mbuga kulingana na mwezi.

Kilichokosekana ni kile ambacho dola haikukihitaji. Visima vimo, maboma vimo, misheni zimo. Makaburi ya watemi, sehemu za matambiko ya mvua, mipaka ya malisho, hivyo vilikaa vichwani mwa watu.

Je, ramani hizi zinaonyesha mahali Wajerumani walipofukia hazina?

Swali hili linakuja kuliko yote, mara nyingi kwa kunong'ona. Jibu ni hapana. Msalaba kwenye ramani ni misheni au kanisa. Bendera ni kituo cha utawala au cha jeshi. Nyundo mbili zilizopishana ni machimbo, na mahali pa machimbo palijulikana na kila mtu. Anayekuuzia nakala kwa bei ya ng'ombe kumi kwa sababu ina "alama ya siri" amekuuzia alama ya zahanati ya wamisionari.

Naelewa uvumi ulikoanzia, maana dhahabu ilikuwepo kweli. Machimbo ya Sekenke, Iramba, yalifanya kazi enzi ya Wajerumani, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli Tabora, zaidi ya 16,000, zenye picha ya tembo. Lakini zilitolewa zitumike. Leo zinauzwa kwenye minada ya sarafu duniani, na hakuna anayezichimba chini ya mbuyu.

Naweza kutumia ramani ya kale kwenye mgogoro wa shamba?

Kuthibitisha mpaka wa shamba, hapana. Katika kipimo cha 1:300,000, milimita moja kwenye karatasi ni mita 300 ardhini. Unene wa mstari wa kalamu tu unameza kiwanja chako, cha jirani na cha jirani yake. Ongeza kosa la dira na kukisia kwa mchoraji, unapata tofauti ya kilomita kadhaa.

Inaweza kusaidia kwa jambo moja: kuonyesha kwamba kijiji cha jina fulani kilikuwepo eneo fulani mwaka fulani. Kwa mipaka nenda kwenye ramani za upimaji na mipango miji, ambazo kwa Dodoma zilikuwa chini ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu miaka ya 1970 hadi ilipovunjwa 2017 na kazi kuhamia Halmashauri ya Manispaa, ambayo sasa ni Halmashauri ya Jiji.

Kwa nini ramani za Waarabu zimegeuka, na kwa nini Afrika inaonekana ndogo?

Al-Idrisi, aliyemaliza ramani yake Sicily mwaka 1154 kwa Mfalme Roger II, aliweka kusini juu, kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji wengi wa Kiislamu. Hakuna juu wala chini ya kweli. Kaskazini juu nayo ni desturi tu.

Udogo wa Afrika unatokana na mpangilio wa Gerardus Mercator wa 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia. Unatunza pembe za dira na kutanua nchi zilizo mbali na ikweta. Greenland inaonekana karibu sawa na Afrika, ingawa Afrika ni kubwa kama mara 14.

Nitajuaje kuwa ni ya asili, na nikiwa nayo niitunzeje?

Chukua kioo cha kukuza. Ukiona vidoti vidogo vya rangi vilivyojipanga, ni nakala ya mashine ya kisasa. Ramani iliyochapwa kwa bamba la shaba huwa na mstari wa shinikizo kuizunguka, unaoonekana ukiiinamisha kwenye mwanga, na wino umeinuka kidogo ukigusa. Karatasi ya zamani ya matambara ni imara kuliko ya karne ya 19 ya mti, ambayo hugeuka manjano na kuvunjika. Karatasi yenye rangi ya chai iliyoenea sawasawa, mara nyingi ni chai kweli.

Kwa utunzaji, ukavu wa Dodoma unakusaidia dhidi ya ukungu. Adui zako ni jua la dirishani, vumbi, na mchwa. Iweke bapa, juu ya rafu ya chuma. Usiilaminishe na usiweke selotepu hata ikichanika.

Naweza kuziona wapi bila kununua?

Mkusanyiko wa David Rumsey, maktaba ya Library of Congress ya Marekani na Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa zinaruhusu kufungua na kukuza bure. Mafaili ni mazito, usijaribu kwa bando la siku. Hapa nchini, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza majalada ya utawala wa Kijerumani. Andaa barua ya utambulisho na uvumilivu.

Nimejaribu kuilaza ramani ya kale juu ya ya kisasa kwenye kompyuta, zinapishana vibaya. Nakosea wapi?

Angalia kwanza longitudo zimehesabiwa kuanzia wapi. Greenwich ilikubaliwa kwenye mkutano wa Washington mwaka 1884, na hata baada ya hapo wengine walichelewa. Ramani nyingi za awali zinaanzia Paris au kisiwa cha Ferro, magharibi ya Afrika. Dodoma iko karibu digrii 35 na dakika 45 mashariki ya Greenwich. Kwa kuhesabu kutoka Paris inakuwa kama 33 na dakika 25, na kwa Ferro kama 53 na dakika 25. Ukilinganisha ya Ferro bila kurekebisha, Ugogo unaangukia baharini.

Ukisharekebisha, katika programu kama QGIS chagua alama ambazo hazijahama. Miji huhama, mito ya mchanga huhama, barabara ndiyo kabisa. Kwa ramani za baada ya 1910 tumia stesheni na madaraja ya reli ya kati ya zamani. Kwa za kabla yake tumia vilele vya milima na makutano ya mito, na usitegemee latitudo na longitudo zipate usahihi sawa: latitudo ilipimwa kwa nyota na huwa karibu na kweli, longitudo ilitegemea saa iliyotikiswa njiani kutoka Bagamoyo, kwa hiyo kosa kubwa utalikuta kwenye mstari wa mashariki na magharibi.